Kujiunga na Civil Air Patrol Marekani: Tembelea Kikosi Kabla ya Kulipa Ada

Na Mwandishi Wetu

Wazazi wa Kitanzania waishio Marekani ambao watoto wao wana ndoto ya urubani, pamoja na watu wazima wanaotaka kujitolea katika shughuli za uokoaji, wanaweza kuomba kujiunga na Civil Air Patrol, shirika la kujitolea ambalo ni msaidizi rasmi wa Jeshi la Anga la nchi hiyo. Hata hivyo, uamuzi mzito zaidi ni wa kuchagua kikosi, kwa kuwa vikosi havifanani.

Shirika hilo lilianzishwa tarehe 1 Desemba, 1941, na mwaka 1948 likafanywa kwa sheria kuwa msaidizi wa Jeshi la Anga. Majukumu yake ni matatu: huduma za dharura, ikiwemo kutafuta ndege zilizopotea, malezi ya vijana wanaoitwa kadeti, na elimu ya anga. Lina kamandi 52, yaani moja kwa kila jimbo, moja ya Washington, D.C. na moja ya Puerto Rico. Chini ya kamandi hizo vipo vikosi vya mitaa ambavyo kwa kawaida hukutana jioni mara moja kwa wiki.

Kadeti hupokelewa akiwa ametimiza miaka 12 na hajafikisha 19, na anaweza kuendelea hadi miaka 21. Mtu mzima huanzia miaka 18, na huchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya uchunguzi wa mwenendo wake. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwa raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu kisheria. Hivyo, mwenye viza ya masomo au ya matembezi aulize kwanza kabla ya kumpa mtoto matumaini.

Jambo la kwanza la kuangalia ni aina ya kikosi. Vipo vya kadeti, vya watu wazima na vya mchanganyiko. Kikosi kilicho jirani na nyumbani kinaweza kuwa cha watu wazima pekee, kikawa hakimfai mtoto wa miaka 13.

Pili ni kazi ambazo kikosi hufanya. Si kila kikosi kina ndege, na kukosa ndege si kasoro. Kinaweza kuwa na timu hodari ya utafutaji wa ardhini au ya mawasiliano ya redio, kazi ambazo hazihitaji leseni ya urubani. Kwa upande wa kadeti, mpango wa shirika huwapa safari za utambulisho bila malipo, hadi tano katika ndege za injini na tano katika ndege zisizo na injini. Mzazi aulize ni kadeti wangapi wa kikosi hicho waliorushwa katika mwaka uliopita.

Tatu ni umbali. Kadeti hupanda ngazi kwa kuhudhuria, kusoma na kufaulu mitihani, na kati ya ngazi moja na nyingine hupita siku zisizopungua 56. Familia inayosafiri saa nzima usiku wa siku ya shule ijiulize kama itaweza kuendelea kwa miaka, si kwa wiki chache.

Nne, na muhimu kuliko yote, ni watu. Inashauriwa kuhudhuria mikutano mitatu kabla ya kujaza fomu. Angalia kama mkutano huanza kwa wakati, kama kadeti wakubwa huwaongoza wadogo kwa heshima, na kama watu wazima wamepata mafunzo ya ulinzi wa kadeti. Mzazi aombe kukaa na kutazama; kikosi kinachosita kumruhusu kimtie shaka.

Aidha, mwombaji aulize mapema kuhusu ada ya mwaka, gharama za sare na usafiri. Wazazi waelewe pia kwamba kuwa kadeti hakumfungi kijana kujiunga na jeshi baadaye, na kwamba mwanachama anaweza kuhamia kikosi kingine. Pamoja na hayo, kuhama humwachisha kijana marafiki na viongozi aliowazoea, hivyo ni heri kutumia jioni tatu kuchunguza kabla ya kuamua.