Datsun ya Safari ikizaliwa upya leo, ingepita Nyantende?

Katika vijiji vya Nyantende, kusini mwa mji wa Bukavu, kila motari anajua somo moja ambalo kampuni kubwa za magari zinalisahau mara kwa mara: kwenye matope na mlima, uzito ni adui. Mvua ikinyesha, pikipiki inatafuta kinjia pembeni na kupita, huku lori lililojaa mizigo likibaki limezama hadi kesho yake. Somo hilo ndilo liliwasaidia madereva wa Datsun 240Z kushinda katika Afrika Mashariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Leo, wakati viwanda vinafufua magari mepesi ya spoti ya zamani, swali limerudi: gari jipya linaweza kuwa jepesi kama babu yake?

Gari lililoshinda matope

Datsun 240Z ilitoka Japani mwaka 1969. Ilikuwa na viti viwili, injini ya silinda sita ya lita 2.4, nguvu za farasi zipatazo 150 na uzito wa kilo 1,050 hivi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye pia aliendesha 240Z.

Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Sababu si ngumu kuelewa. Gari jepesi halichoshi breki kwenye mteremko, halivunji springi haraka, na likinasa watu wachache wanalisukuma likatoka.

Mjukuu amenenepa

Nissan imeshatengeneza mrithi wa gari hilo. Nissan Z mpya, iliyoonyeshwa mwaka 2021, ina injini ya V6 ya lita 3 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 400. Sura yake inamkumbusha mtu gari la zamani, lakini uzito wake unakaribia kilo 1,600. Tofauti ni kilo 550, yaani mifuko 11 ya saruji ya kilo 50. Kwenye lami, nguvu ya injini inafidia mzigo huo. Kwenye matope haisaidii sana, kwa sababu magurudumu yanateleza tu.

Kilo hizo hazikuongezwa bure. Nyingine ni vyuma vya kuimarisha milango, mifuko ya hewa ya kumlinda abiria, kiyoyozi na mitambo ya elektroniki. Magari ya miaka ya 1970 yalikuwa mepesi, lakini ajali ndogo iliweza kuua.

Hata hivyo, kuna viwanda vilivyojizuia. Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilikuwa chini kidogo ya tani moja. Ile iliyotoka 2015 inazunguka tani moja hiyohiyo. Ufaransa nako, Alpine A110 ilirudi mwaka 2017 ikiwa na karoseri ya aluminiamu na uzito wa kilo 1,100 hivi.

Batri na udongo wa Congo

Kikwazo kikubwa cha leo ni batri. Mwaka 2008 Tesla ilitoa Roadster, gari la umeme lililotokana na Lotus Elise, moja ya magari mepesi kuliko yote. Elise za kwanza zilikuwa chini ya kilo 900. Roadster ilifika kilo 1,300 hivi, na batri peke yake ilikuwa na kilo 450.

Hapo ndipo habari hii inawagusa Wakongomani. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Congo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, na koltani ya Kivu inaingia katika vifaa vya elektroniki. Udongo wa nchi hii unasafiri hadi ndani ya magari ambayo mengi hayawezi kupita katika barabara za nchi hii. Na soko hilo halina uhakika wa milele, kwa kuwa batri za chuma na fosfeti, ambazo hazitumii kobalti kabisa, zinaenea haraka.

Mashindano ya rali yenyewe yamejifunza. Mwaka 2022 magari ya daraja la juu yaliwekewa mtambo wa haibridi. Mwaka 2025 mtambo huo uliondolewa, na uzito wa chini unaoruhusiwa ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180.

Gari la Nyantende lingekuwaje?

Toleo jipya la kufaa hapa lingeanza na mambo matatu: uzito chini ya kilo 900, tumbo lililoinuka juu ya mawe, na batri ndogo inayobadilishwa. Nchini Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiwabadilishia motari batri tangu 2019. Dereva anaacha iliyokwisha na kuondoka na iliyojaa. Bukavu inapata umeme kutoka mabwawa ya Ruzizi, lakini ukikatika mara kwa mara, hata batri nzuri inabaki mzigo.

Jambo la nne ni garaji. Datsun ya Mehta iliweza kufunguliwa kwa spana na kurudi barabarani. Gari la leo linaweza kukataa kuwaka mpaka lisomwe na kompyuta ya kampuni. Kwa mama anayepeleka ndizi na mihogo sokoni Bukavu, gari ambalo fundi wa jirani hawezi kulitengeneza litakuwa la kuegeshwa tu, hata likiwa jepesi kama baiskeli.