Jina la biashara yako mtandaoni liko mkononi mwa nani? Maelezo ya fundi tovuti kwa wauzaji wa Kilwa na Lindi

Mimi ni fundi wa tovuti, nipo Kilwa Masoko. Wateja wangu wengi ni watu kama wewe: anayeuza korosho zilizobanguliwa Kivinje, anayetuma dagaa na pweza wakavu Dar kwa basi, mwenye nyumba ya wageni, kina mama wa mikeka ya ukili. Karibu wote wanauza kwa simu tu, na mauzo yapo.

Mtu akinijia na kuniambia "Fundi, nataka tovuti," swali langu la kwanza huwa siyo rangi wala picha. Namuuliza: jina lako la mtandaoni ni la nani? Wengi wanashangaa. Leo nieleze kwa nini nauliza hivyo, kisha niguse mlisho wa bidhaa na vifaa vichache vya bure ambavyo navitumia kila siku.

Kilwa tulishajua thamani ya jina

Zamani masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao za shaba, zikiwa na majina yao wenyewe. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko ni habari ndefu, lakini baadaye iliwezekana kujua zimetoka wapi, kwa sababu jina lilikuwa la mwenyewe, siyo la kuazima.

Sasa tazama pakiti yako ya korosho. Inasafiri hadi Dodoma, Arusha, pengine Muscat. Juu yake umeandika nini? Kama ni jina la ukurasa wa Instagram tu, umeandika anwani ya nyumba ya mtu mwingine. Akifunga mlango, pakiti zako zinamwelekeza mteja kwenye ukuta.

Vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya

Kikoa, ambacho wengi tunakiita domeni, ni lile jina linaloandikwa kwenye kivinjari, kwa mfano jina lako na mwisho wa .co.tz. Lakini ili tovuti ionekane vinahitajika vitu vitatu tofauti:

1. Jina, yaani kikoa. Hili ni kama bango na anwani ya duka lako.
2. Hostingi. Hii ni nafasi kwenye kompyuta inayowaka muda wote, ambapo mafaili yako yanakaa. Chukulia ni fremu unayopanga.
3. Tovuti yenyewe. Hizi ni meza, mizani na bidhaa ulizopanga ndani.

Fremu unaweza kuhama. Meza unaweza kubadilisha. Bango likiwa lako, wateja watakufuata popote utakapohamia. Bango likiwa la mwingine, ukihama unaanza upya.

Inafanyaje kazi? Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Mteja akiandika jina lako, simu yake inauliza seva za majina: huyu yupo namba ngapi? Inajibiwa, ndipo inakwenda kwenye hostingi yako. Ukihamisha hostingi, unabadilisha tu ile namba, na jina linabaki lilelile.

"Mbona Instagram na WhatsApp zinanitosha?"

Zinakutosha hadi siku zisipokuwepo. Kumbuka tarehe 4 Oktoba 2021. Kuanzia jioni hadi baada ya saa sita usiku kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea zote kwa pamoja, dunia nzima. Chanzo kilikuwa mabadiliko ya mipangilio kwenye mtandao wao wenyewe, ambayo yalifanya seva zao za majina zisifikike. Simu zetu zilikuwa zinauliza "Facebook yuko wapi?" na hakuna wa kujibu. Kompyuta zao zilikuwepo, jina ndilo lililokosa njia.

Siku ile aliyekuwa na tovuti yake, hata ya ukurasa mmoja wenye bei na namba ya simu, aliweza kupigiwa. Aliyekuwa na ukurasa tu alisubiri.

Nisikudanganye pia. Kikoa siyo kinga ya kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Siku kama hiyo tovuti yako nayo inasumbuka. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wawe na daftari la namba za wanunuzi wao wakubwa. Meseji ya kawaida na kupiga simu havihitaji intaneti.

Uchague mwisho gani?

Majina ya .tz ni ya Tanzania, na sekta hii ipo chini ya uangalizi wa TCRA. Unanunua kupitia wasajili walioidhinishwa. Kwa biashara mwisho wa kawaida ni .co.tz. Taasisi na vikundi visivyo vya faida hutumia .or.tz. Mtu binafsi anaweza kuchukua .me.tz. Na wenye nyumba za wageni wa Masoko na Lindi mjini, ninyi mna .hotel.tz, ambayo wengi hawajui hata kama ipo. Ukitaka .com pia sawa, ila majina mengi mazuri yameshachukuliwa.

Kuhusu jina lenyewe, mimi nina vipimo vitatu:

- Lipigie simu. Mtamkie jina mtu aliyepo stendi ya Nangurukuru, kelele na yote, halafu mwambie akuandikie kwa meseji. Akikosea, badilisha jina.
- Epuka vistari na namba. Vinaruhusiwa, lakini mteja hawezi kukisia kama "nne" ni tarakimu au ni neno.
- Usijifunge kwenye bidhaa moja. Ukijiita korosho fulani, mwakani ukiongeza ufuta na asali utaanza kujieleza.

Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti kwenye kikoa, hilo lisikusumbue.

Hapa ndipo watu wanapoumia

Kikoa hakinunuliwi moja kwa moja. Unakilipia kwa kipindi, mara nyingi mwaka, na unakihuisha. Nimeshakutana na mama mmoja mwenye pakiti zake nzuri, zimechapwa maelfu, zina anwani ya tovuti. Tovuti haifunguki. Kijana aliyemtengenezea alisajili jina kwa barua pepe yake yeye kijana, akabadilisha namba ya simu, akahama mkoa. Ukumbusho wa kulipia ulikuwa unakwenda kwenye barua pepe ambayo mama hajawahi kuiona. Akawa anakata anwani kwenye kila pakiti kwa kalamu ya wino. Kisheria na kiufundi, aliyeandikwa kwenye usajili ndiye anayesikilizwa kwanza, siyo aliyetoa pesa.

Kwa majina kama .com, utaratibu wa kimataifa wa ICANN unamtaka msajili akutumie ukumbusho karibu mwezi mmoja na tena karibu wiki moja kabla ya muda kuisha. Jina likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa, na hapo gharama huwa kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita, ndani ya siku 5 jina linaachiwa na yeyote anaweza kulichukua. Huko kwenye .tz muulize msajili wako taratibu zake kabla hujalipa. Kote kuna jambo moja linalofanana: taarifa zinakwenda kwenye barua pepe iliyosajiliwa. Kwa hiyo:

1. Fungua barua pepe ya biashara, iwe yako, nywila unayo wewe.
2. Akaunti kwa msajili ifunguliwe kwa jina lako na barua pepe hiyo. Fundi mkaribishe afanye kazi, lakini usajili uwe wako.
3. Uliza bei ya mwaka wa pili, siyo ya mwaka wa kwanza tu. Kuna ofa za kuanzia ambazo zikiisha bei inaruka.
4. Andika tarehe ya kuisha ukutani na kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla.
5. Kama tayari una jina, lichunguze kwenye huduma ya WHOIS. Itakuonyesha msajili ni nani na muda unaisha lini. Mara nyingine jina la mmiliki linafichwa, basi mwombe fundi wako akuonyeshe akaunti ilivyo.

Fundi mwaminifu hatachukia ukimwuliza hivi. Akichukia, umeshapata jibu.

Huna pesa ya tovuti? Anza na jina peke yake

Hili wengi hawaambiwi. Unaweza kununua kikoa bila tovuti, ukakielekeza kwenye katalogi yako ya WhatsApp. Wasajili wengi wana sehemu ya kuelekeza jina kwenye linki nyingine. Mteja anaandika jina lako, anatua kwenye katalogi. Siku ukipata tovuti, unabadilisha mwelekeo tu. Pakiti na bango havibadiliki.

Mlisho: daftari moja linalolisha kurasa zote

Mlisho ni orodha iliyopangwa vizuri ambayo kompyuta nyingine inaisoma yenyewe. Mlisho wa RSS ulianza mwaka 1999 kwa ajili ya habari, na hadi leo podikasti zinasambazwa kwa njia hiyo. Kwa sisi wauzaji, mlisho wenye faida ni ule wa bidhaa.

Unafanya hivi. Fungua jedwali kwenye Google Sheets. Kila bidhaa mstari mmoja. Safu ziwe: namba ya bidhaa, jina, maelezo, ipo au haipo, mpya au imetumika, bei, linki ya bidhaa, linki ya picha, na chapa. Katalogi ya Facebook na Instagram inakupa kiolezo chenye vichwa vya safu kwa Kiingereza. Usivitafsiri, viache vilivyo, maana mashine inavitafuta kwa majina hayo. Bei iandike na alama ya sarafu, TZS. Kisha unaipa katalogi linki ya jedwali na unapanga iwe inasoma kila siku.

Faida yake utaiona siku ya shida. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Mabasi yalikwama, na mizigo ikakwama nayo. Muuzaji mwenye bidhaa arobaini zilizotawanyika kwenye kurasa tatu hawezi kupita moja moja kuandika "safari zimesimama." Mwenye mlisho anabadilisha safu moja, kutoka "in stock" kwenda "out of stock", anaamuru katalogi isome upya, basi. Mteja halipi pesa kwa mzigo usioweza kuondoka, na wewe hukai unarudisha miamala huku unatukanwa.

Na bei iweke wazi. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" haifanyi kazi kwenye mlisho. Safu ya bei ikiwa tupu, bidhaa inakataliwa.

Vifaa vichache vya bure

WhatsApp Business. Ina katalogi ya hadi bidhaa 500, majibu ya haraka na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayeuliza. Katalogi ina linki yake ya kutuma popote.

Linki ya wa.me. Andika wa.me, mkwaju, 255, kisha namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Jumla ziwe tarakimu 12. Mteja akibofya anaingia kwenye mazungumzo nawe bila kuhifadhi namba. Ijaribu kwa simu ya mwenzako kabla ya kuichapa.

Kupunguza picha. Picha ya simu inaweza kufika MB 4. Ukiweka ishirini ni MB 80, na mteja wako anakula bando lake ili aone dagaa. Tumia Squoosh, inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha. Ukishusha kila picha hadi KB 150, zile ishirini zinakuwa MB 3, na macho hayaoni tofauti.

Kufuli. Tovuti iwe na https. Cheti cha usalama kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na hostingi nyingi zinakiweka kwa kubofya tu. Fundi akikutoza pesa nyingi kwa ajili ya kufuli, muulize analipia nini.

Fanya haya leo kabla hujalala

Kama una kikoa, tafuta majibu matatu: kimesajiliwa kwa barua pepe ya nani, kinaisha lini, na nywila anayo nani. Usipopata hata moja kati ya hayo, mpigie fundi wako kesho asubuhi, kwa heshima, mkahamishe usajili uje kwako wakati bado mnapatana na simu yake inapatikana.

Kama huna, kaa na familia mchague jina, mlitamke kwa simu mara tatu, mlitafute kwa msajili kama lipo. Pakiti mpya usizichape kabla ya hapo. Na kama unamjua mwenzako ambaye tovuti yake ilitengenezwa na "kijana fulani" asiyepokea simu siku hizi, mtumie maelezo haya usiku huuhuu.