Kitenzi Kisichochoka Mbio

Aliyejifunza Kiingereza kwa kukariri neno moja kwa maana moja aghalabu huridhika mapema mno aambiwapo kwamba "run" ni kukimbia, hata siku atakapomsikia Mwingereza akiitaja pua yake kwa kitenzi hicho hicho, akastaajabu pua imepata wapi miguu. Pua ile inachuruzika, basi. Aidha, maji yanatiririka, injini inanguruma, nguo inachuja rangi, barabara inafuata ukingo wa mto, na mwenye duka anaendesha biashara yake ilhali ameketi kitini. Na mizigo yote hiyo Kiingereza hukibebesha kitenzi kimoja.

Katika kamusi kubwa ya Oxford, ambayo chapa yake ya kwanza ilikamilika mwaka 1928, neno lililosifika kwa wingi wa maana lilikuwa "set". Lakini ilipodurusiwa upya, mhariri Peter Gilliver alitumia zaidi ya miezi 9 kwa "run" pekee, akatoka na maana 645 za kitenzi hicho. Wala si ajabu, maana mitambo iliyozuka tangu zama za mvuke ilihitaji kitenzi cha mwendo wake, na hiki kilikuwapo karibu.

Linalonifurahisha zaidi ni la siasa. Mmarekani autakaye urais husemwa kwamba anakimbia, hali Mwingereza autakaye ubunge husemwa kuwa anasimama. Tamaa ni ile ile, ila mmoja yu mbioni na mwenziwe amesimama wima kama nguzo. Sisi huwaita wote wawili wagombea, jina lililotokana na kugomba, na sitaki kuamua ni lugha ipi iliyowajua vyema zaidi.

Visawe vya "run" vipo, kama "manage" na "flow", lakini kisawe si pacha. Mto waweza kutajwa kwa "flow", pua ya mwenye mafua hasha. Na "manage", neno lililotokana na Kitaliano cha kufundisha farasi, lina harufu ya kudhibiti na kumudu, kiasi kwamba mtu aweza kulitumia kwa duka lake na pia kwa mzigo alioubeba kwa taabu.

Mswahili naye asijidhani amesalimika. Hupiga simu, hupiga mbizi, hupiga chafya, hupiga hodi. Na mgeni aliyefunzwa kwamba kupiga ni kumtia mtu bakora, akisikia nyumbani kuna anayepiga pasi, ana haki ya kuuliza pasi imekosa nini.