Nyumba zikae karibu karibu au zitawanyike? Swali la kuamua kijiji kinapopanga ardhi

Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi yake, mabishano ya kwanza huwa ya mashamba na malisho. Lakini kuna swali lingine linaloweza kugawa mkutano: nyumba zijengwe karibu karibu sehemu moja, au kila familia ikae shambani kwake?

Tanzania Bara swali hili si geni. Mwaka 1973 Mwalimu Julius Nyerere aliagiza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Mamilioni walihamia, wengi kwa kulazimishwa. Walisogezwa karibu na shule na zahanati, lakini wengi waliachwa mbali na mashamba yao. Wakati ule amri ilitoka juu. Leo sheria inakupa wewe mwanakijiji nafasi ya kusema.

Na ardhi imebana. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 nchini. Ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Ardhi haikuongezeka.

Ujazo ni nini?

Maafisa mipango hutumia neno "ujazo", yaani wingi wa nyumba au watu katika eneo. Hapa wengi huchanganyikiwa. Viwanja vya ujazo mkubwa si viwanja vikubwa. Ni viwanja vidogo, nyumba nyingi. Viwanja vya ujazo mdogo ndivyo vikubwa.

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Ukiikata viwanja vya mita 20 kwa 20 unapata 10, kabla hujatoa njia. Ukiikata nusu nusu, unapata 2 tu.

Faida ya kukaa karibu

Chukua mfano wa maji. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lengo kwamba kituo kimoja cha kuchotea maji kijijini kihudumie watu 250, na nyumba ya mbali kabisa iwe ndani ya mita 400. Eneo lililo ndani ya mita 400 kila upande ni kama ekari 124. Kama kila kaya imekaa kwenye shamba lake la ekari 5, kaya kama 25 tu ndizo zitakazoingia. Kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, uliopatikana katika sensa ya 2022, hao ni watu kama 107. Wengine wataendelea kwenda mbali na ndoo kichwani.

Nguzo za umeme na barabara ni hivyo hivyo: nyumba zikiwa mbali, gharama inapanda. Tena nyumba zikichukua eneo dogo, ardhi ya kulima na kulishia inabaki.

Hasara yake

Vyoo vingi vijijini ni vya shimo. Ushauri wa kawaida wa afya ni kuacha angalau mita 30 kati ya choo na kisima. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kutoka kona hadi kona, hakifiki hata mita 29. Hata ukiweka choo kona hii na kisima kona ile, haitoshi, na bado hujahesabu choo cha jirani. Kwa hiyo viwanja vidogo bila maji ya bomba ni hatari.

Kuna pia zizi la ng'ombe, bustani na nafasi ya kijana kujenga akioa. Na shamba likiwa mbali, nani atafukuza nyani na nguruwe pori?

Nani anaamua?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri hiyo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, wanawake kwa wanaume. Mpango wa matumizi ya ardhi nao, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, hupitishwa na mkutano huo, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya.

Lakini kijiji kikitangazwa kuwa eneo la mipango miji, kama vinavyofanyiwa vijiji vilivyo kando ya miji, hutumika Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007. Hapo halmashauri ya wilaya au ya mji ndiyo inayopanga. Uliza mapema kijiji chako kiko upande upi.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

- Kiwanja kina mita ngapi kwa ngapi? Usiridhike na neno "ujazo" peke yake.
- Maji yatatoka wapi, na vyoo vitakaa wapi?
- Shamba la nani litageuka viwanja, na mwenyewe atapata nini?
- Mifugo itakaa wapi, na njia yake ya kwenda malishoni ni ipi?
- Watoto wetu watajenga wapi miaka 20 ijayo?

Omba ramani ibandikwe mahali pa wazi kabla ya kura, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Bikoni zikishawekwa na nyumba zikasimama, kubadilisha mpango kunamaanisha kubomoa nyumba ya mtu. Wakati wa kubishana ni kabla ya hapo.