Mtihani wa GRE: kukariri maneno elfu hakutoshi

Katika kipindi chetu cha jioni tulipozungumzia ufadhili wa masomo ya nje, mwalimu mmoja wa sekondari ya kata alitupigia simu na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Anataka kusoma shahada ya uzamili Marekani. Chuo anachokitaka kinadai matokeo ya GRE, naye ameuza ndama ili apate ada. Kwa miezi mitatu amekuwa akikariri maneno ya Kiingereza kutoka kwenye faili aliyouziwa kwa WhatsApp, na amefikisha maneno elfu moja. Alipofanya mtihani wa majaribio, alama zake za sehemu ya lugha hazikusogea. Alituuliza kama aongeze maneno mengine elfu.

Hapana, mwalimu. Muda wa kipindi haukututosha kukueleza sababu, kwa hiyo tunakuandikia hapa, wewe na wote waliouliza swali kama lako.

Kwanza tuwaeleze wanaolisikia jina hili kwa mara ya kwanza. GRE ni mtihani unaotolewa na taasisi ya Marekani iitwayo ETS. Baadhi ya vyuo vikuu huutumia kuchagua wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Una insha moja, sehemu ya hesabu na sehemu ya lugha, ambayo kwenye skrini utaiona imeandikwa Verbal Reasoning. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa na sasa huchukua chini kidogo ya saa 2. Sehemu ya lugha ina maswali 27 katika mafungu mawili: maswali 12 kwa dakika 18, kisha maswali 15 kwa dakika 23. Ni dakika moja na nusu hivi kwa kila swali. Alama huanzia 130 hadi 170, na hakuna kufaulu wala kufeli. Kila chuo huamua chenyewe kinataka kiasi gani.

Ada katika nchi nyingi ni dola 220 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki tano. Kwa hiyo kabla ya kuuza chochote, fungua ukurasa wa kozi unayoitaka au waandikie barua pepe uwaulize kama wanaihitaji GRE. Kozi nyingi zimeacha kuidai miaka hii, na kulipia mtihani ambao hakuna atakayeuangalia ni hasara.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Sehemu hii inapima kama unaweza kufuata sentensi inakoelekea. Maneno magumu yapo, lakini wengi huteleza kwenye yale madogo. Tuonyeshe kwa Kiswahili, maana ujanja ni uleule:

Ingawa mwenyekiti alijulikana kwa ______, siku ya mkutano alizungumza mpaka jua likazama.

Hukuhitaji hata kupewa machaguo. "Ingawa" imekuambia kwamba nusu ya kwanza inapingana na ya pili, na nusu ya pili inasema alizungumza sana. Basi pengo linataka "ukimya" au neno la jamii hiyo. Aina ya kwanza ya maswali ya GRE ndiyo hii: sentensi au aya fupi yenye pengo moja, mawili au matatu. Ukikosa pengo moja kati ya matatu, swali zima limekwenda. Zoea kuziba pengo kwa neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili, kabla ya kutazama machaguo. Ukianza na machaguo yatakuvuta, kwa sababu yametungwa yavute.

Aina ya pili hukupa pengo moja na maneno sita. Unachagua mawili yanayoifanya sentensi iwe na maana ileile:

Bibi yule hakuwa ______ hata kidogo: akipata debe la mahindi, nusu hufika kwa majirani kabla ya jioni.

Machaguo ni bahili, mkarimu, mchoyo, mpole, mtulivu, mgeni. Anayesoma haraka huona habari za kugawa mahindi akakimbilia "mkarimu". Ameruka "hakuwa". Aliyekariri orodha ya maneno yanayofanana huona "mpole" na "mtulivu" akafurahi kwamba amepata jozi, lakini sentensi haizungumzii upole. Jibu ni "bahili" na "mchoyo". Ukipata moja tu kati ya mawili, hupewi nusu alama.

Kwa Kiingereza maneno madogo yanayogeuza sentensi ni kama "although", "despite", "yet" na "hardly". Mengine yanatusumbua zaidi sisi tuliolelewa na Kiswahili. Ukisoma "far from generous", usifikirie umbali. Maana yake ni kwamba mtu huyo si mkarimu kabisa. "Anything but simple" nayo inasema jambo si rahisi hata kidogo. Kisha kuna herufi moja tu, "a". "A few farmers came" ni wakulima kadhaa walikuja. "Few farmers came" ni kwamba waliokuja ni haba, na mwandishi analalamika. Kiswahili hakina kitu kama hicho, kwa hiyo jicho letu hukipita. Mwalimu wa Kiingereza aliyetusaidia kuandaa makala haya anasema wanafunzi wake hukosea hapo kuliko kwenye maneno marefu.

Hata msamiati wenyewe una mtego. GRE hupenda neno unalolijua likiwa na maana usiyoijua. "Want" laweza kuwa ukosefu. "Check" laweza kuwa kuzuia. "Qualify" laweza kuwa kuwekea kauli mipaka. "Flag" laweza kuwa kuishiwa nguvu. Na "husband", ambalo kila mtu analijua kuwa mume, likiwa kitenzi ni kutumia kitu kwa uangalifu kisiishe. Waliosoma vyuo vya kilimo na mifugo wameshaliona neno la ukoo huo, "husbandry", kwenye vyeti vyao, na pengine hawakujiuliza mume anahusikaje na ng'ombe.

Ndiyo maana faili la maneno elfu, neno moja mbele ya maana moja, halikumsaidia mwalimu wetu. Tafuta kaunta buku. Soma kila siku makala moja ngumu ya Kiingereza, ya sayansi, historia au sanaa. Bando la kawaida linatosha, kwa sababu maandishi hayali bando kama video. Neno usilolijua liandike pamoja na sentensi nzima ulimolikuta. Chini yake weka maana kwa Kiswahili, halafu alama: je, mwandishi anasifu au analaumu? Maneno matano kwa siku yaliyoandikwa hivyo tunayaamini kuliko hamsini ya kukariri.

Karibu nusu ya maswali ni ya ufahamu, na hapa adui ni ujuzi wako mwenyewe. Tuseme kifungu kinasema kijiji kimoja kilipanda mbegu mpya ya mahindi na kikavuna zaidi ya mwaka uliopita, kwa hiyo mbegu ndiyo iliyoongeza mavuno. Swali linakuuliza: lipi kati ya haya linadhoofisha hoja hiyo? Mkulima anaweza kuchagua jibu linalosema mbegu hiyo ni ghali, kwa sababu ni kweli na inamuuma. Lakini bei haigusi hoja. Jibu ni lile linalosema mwaka uliopita mvua zilikatika mapema na mwaka huu zimenyesha vizuri, maana sasa mavuno yana sababu nyingine. Jibu kwa kilichoandikwa. Unayoyajua kutoka shambani kwako yaache nje ya chumba cha mtihani.

Kuhusu muda, ndani ya fungu moja unaweza kuruka swali, ukaliwekea alama na kulirudia. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali tupu hata kama unabahatisha. Jua pia kwamba fungu la pili huwa gumu au jepesi kulingana na ulivyofanya la kwanza. Ukiona la pili limekuwa gumu, usikate tamaa, huenda ni dalili njema.

Kwenye tovuti ya ETS kuna mitihani miwili ya majaribio ya bure iitwayo POWERPREP. Ni miwili tu, basi usiimalize wiki ya kwanza. Fanya mmoja mwanzoni ujue ulipo, na mwingine wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe. Nenda kwenye kompyuta, ya shuleni au ya stationari mjini, uzoee kipanya na saa inayohesabu kurudi nyuma. Simu inafaa kusomea, lakini hata wanaofanyia mtihani huu nyumbani hutakiwa kuwa na kompyuta. Na unapojiandikisha, jina liwe lilelile lililo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho.

Sisi wenyewe hatujafanya GRE, maana cheti cha utangazaji hakikuidai. Lakini mifano hii tumeijaribu studio, na fundi mitambo wetu ametushinda wote. Hili hapa la kufanyia mazoezi, machaguo ni uadui, tahadhari, furaha, uvivu, kiburi:

Si kwamba diwani aliupinga mradi wa kisima. Kimya chake kilitokana na ______, kwani alikuwa bado hajaziona hesabu zake.

Tutumie neno lako kwa ujumbe mfupi, pamoja na neno dogo katika sentensi lililokuongoza. Tutayasoma majibu hewani katika kipindi kijacho cha jioni, na mwalimu wetu ameahidi kupiga tena.