Kati ya Siki na Mionzi: Saratani ya Mlango wa Kizazi kwa Mwanamke wa Kijijini

Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi nchini Tanzania, ilhali ni miongoni mwa saratani chache zinazoweza kuzuiwa kabla hazijaanza. Chanzo chake, karibu kila mara, ni maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya HPV. Tangu maambukizi hadi saratani hupita miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, ingawa kwa anayeishi na VVU bila matibabu muda huo hufupika.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa, husubiri dakika moja, kisha huangalia mabaka meupe. Mengi ya mabaka hayo huweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyohiyo, na mama akarudi nyumbani.

Asiyefikiwa na siki hufikiwa na mionzi, nayo hutolewa katika hospitali chache za miji mikubwa, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Mkazi wa Ilala huenda na kurudi kwa daladala. Mkulima wa Tandahimba husafiri zaidi ya kilomita 500, kisha hutakiwa kuwepo siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano. Hata matibabu yakiwa ya msamaha, nauli, malazi na chakula havina msamaha. Wala korosho hazijiokoti. Wengine hukatiza, na kila siku inayorukwa hupunguza uwezekano wa kupona.

Kuchelewa huko husemwa kuwa ni kosa la mgonjwa. Lakini wapo waliofika zahanati mara tatu wakilalamikia damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, wakapewa dawa za maambukizi bila hata mara moja kulazwa kitandani na kuchunguzwa. Damu ya namna hiyo yataka spekulamu kwanza, dawa baadaye. Na mgonjwa ana haki ya kuomba achunguzwe.

Rufaa nayo isiishie kwenye karatasi. Kabla ya kuiandika, mhudumu aulize: nauli ipo? Atafikia kwa nani? Watoto wataachwa na nani? Majibu yakikosekana, afisa ustawi wa jamii aitwe siku hiyohiyo, mama akiwa bado hajaondoka.