Karatasi Iliyo Chini ya Godoro

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalionea aibu: kushindwa kuanza. Kazi unaijua, njia unaijua, hasara ya kutoifanya unaijua pia, lakini siku zinapita. Kwanza sikiliza mchezo huu mfupi.

(Sauti: mvua juu ya turubai. Mtoto mchanga analia, kisha ananyamaza.)

MHUDUMU: Hodi hapa, mama!

MAMA: Karibu, dada. Pita ndani, utalowa.

MHUDUMU: Asante. Mtoto hajambo?

MAMA: Hajambo. Ametimiza miezi mitatu.

MHUDUMU: Ameshaandikishwa?

MAMA: (Kimya.) Bado. Karatasi ya kituo cha afya ninayo, iko pale chini ya godoro. Kila siku nasema kesho. Kesho ikifika naona mlima. Nimekuwa mvivu, dada. Kule kwetu sikuwa hivi.

MTANGAZAJI: Tusimame hapo kidogo. Katika kambi nyingi mgao hutolewa kwa kuhesabu watu walio kwenye kadi ya familia. Mtoto asiyeandikishwa hahesabiwi, na huko mbele anaweza kupata shida kuonyesha alizaliwa wapi na ni wa nani. Mama huyu anajua haya yote. Kwa hiyo kumkumbusha hakumsaidii. Kumwambia kwamba ngojangoja huumiza matumbo hakumsaidii pia; tumbo lake limekwisha kuuma.

Na je, ni mvivu kweli? Mvivu hajali. Huyu analala juu ya ile karatasi na usiku anaiwaza. Mtu aliyekimbia, aliyezika au aliyeacha ndugu bila kujua waliko, akili yake hubeba mzigo hata akiwa amekaa tu. Akili iliyochoka hujiepusha na kila kinachoitisha. Anaposema "nitakwenda kesho", kifua kinalegea mara moja. Nafuu hiyo ndiyo mtego. Akili inajifunza kwamba kuahirisha kunatuliza, na siku inayofuata inaahirisha mapema zaidi.

Wakati huohuo kazi yenyewe inakua. Wiki ya kwanza ilikuwa kwenda ofisini tu. Mwezi wa tatu ni kwenda ofisini na pia kueleza kwa nini umechelewa. Mara nyingi kinachomzuia mtu si kazi, ni aibu iliyokaa juu ya kazi.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa kuwasaidia watu waliozidiwa na dhiki kwa vikao 5 vya mazungumzo. Si lazima anayeutumia awe daktari. Mtu wa kawaida aliyefundishwa na kusimamiwa vizuri anauweza. Jijini Nairobi ulijaribiwa kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na walioongoza vikao walikuwa wahudumu wa afya ya jamii. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: waliohudhuria vikao hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sehemu moja ya mwongozo huo inahusu jambo letu la leo. Watu wengi tunangoja nguvu zije ndipo tuanze. Mtu mwenye moyo mzito akingoja hivyo anaweza kungoja mwaka mzima, maana kadiri anavyokaa ndivyo moyo unavyozidi kuwa mzito. Hageuzi moyo kwanza. Anaanza na mkono au mguu, kwa jambo dogo sana, na moyo unafuata polepole nyuma.

Dogo kiasi gani? Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunasema "kesho nitafua nguo zote" au "nitalima kiwanja chote". Rudi kwa mama yetu.

MHUDUMU: Mama, tuache habari ya ofisi. Leo unaweza kufanya nini kuhusu hiyo karatasi?

MAMA: Leo? Kuitoa tu chini ya godoro.

MHUDUMU: Basi itoe. Nipo hapa.

(Sauti: godoro linainuliwa.)

MAMA: Imekunjamana.

MHUDUMU: Inasomeka. Utaiweka wapi?

MAMA: Kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kadi. Niutundike pale mlangoni.

MHUDUMU: Na kwenda, siku gani?

MAMA: Wiki ijayo.

MHUDUMU: Siku gani, mama?

MAMA: (Anacheka kidogo.) Alhamisi. Nikishamnyonyesha mtoto asubuhi, natoka. Nitamwomba jirani tuongozane.

MTANGAZAJI: Umesikia, msikilizaji? Mhudumu hakuridhika na "wiki ijayo". Mpango wenye siku, wenye jambo linaloutangulia, kama kunyonyesha au kuteka maji, hukumbukwa kwa urahisi kuliko nia njema. Na jirani anasaidia kwa sababu rahisi: ni vigumu kumwambia mtu aliyesimama mlangoni kwako, amekwisha kujitanda khanga, kwamba utakwenda kesho.

Hatua hizi hazitibu kila kitu. Kuna anayeshindwa kuanza kwa sababu ana njaa, ni mgonjwa, au njia ya kwenda si salama. Huyo anahitaji chakula, dawa au ulinzi, wala asilaumiwe. Na kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, huwezi kumtunza mtoto, usingoje. Zungumza na mhudumu wa afya au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii, na usikae peke yako.

Tumalizie mchezo wetu.

(Sauti: watu wengi, foleni.)

MAMA: Dada! Nimekuja, lakini wananiambia nilete na kitambulisho cha baba yake. Niliposikia hivyo nilitaka kurudi nyumbani na kulala.

MHUDUMU: Na sasa?

MAMA: Jirani kaniuliza kitambulisho kiko wapi. Nikamwambia kwenye sanduku. Basi tunarudi Jumatatu, nikishamnyonyesha. Usiku huu nakitia kwenye mfuko ule wa mlangoni.